Sukari Inapokatwa Vipande Viwili: Kimeng'enya cha Hamira na Maabara Zetu

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kacyiru, Kigali



Kacyiru inajulikana zaidi kwa wizara na balozi zake. Mimi nimeupenda mtaa huu kwa sababu nyingine. Hospitali ya King Faisal iko hapa. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012, iko hapa. Hata maabara ya taifa inayochunguza DNA, sumu na dawa za kulevya kwa ajili ya mahakama iko hapa hapa. Nimekuja kuwaeleza habari za protini moja inayotoka kwenye hamira, ile hamira ya maandazi na mkate, na nitaisema hoja yangu mapema ili mnisikilize mkiwa mnaijua: shule na vyuo vya ukanda wetu vinaweza kuanza sasa kupima kasi ya kimeng'enya kwa namba, kwa vitu vinavyouzwa dukani na kwenye duka la dawa, na kimeng'enya cha kuanzia ni hiki. Mwanafunzi anayemaliza chuo kikuu bila kuwahi kupima kasi ya mmenyuko wowote kwa mikono yake amedhulumiwa, na dhuluma hiyo tunaweza kuiondoa kwa gharama ndogo kuliko tunavyodhani.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa invatesi. Sukari tunayotia kwenye chai, ambayo wanakemia huiita sukrosi, ni molekuli mbili ndogo zilizoshikana: glukosi moja na fruktosi moja. Invatesi hukata pale zilipoungana, kwa msaada wa molekuli moja ya maji. Basi. Kazi yake yote ni hiyo, na huifanya bila kuchoka na bila yenyewe kuisha.

Waliosoma sekondari Tanzania, Kenya au Uganda watakumbuka jaribio la sukari zisizopokea rangi moja kwa moja. Unachukua myeyusho wa sukari ya kawaida, unatia Benedict ya buluu, unachemsha, na buluu inabaki buluu. Kisha unachukua sampuli nyingine, unaitia asidi ya hidrokloriki, unaichemsha, unaiacha ipoe, unapunguza ukali wa asidi kwa bikaboneti ya sodiamu, unatia Benedict na kuchemsha tena, na mashapo mekundu kama tofali yanatokea. Asidi na moto vimeikata sukrosi, na glukosi pamoja na fruktosi vimejitokeza. Hamira hufanya kazi hiyo hiyo katika maji vuguvugu, bila moto wala asidi kali. Vizazi vya wanafunzi wetu wamefundishwa njia ya asidi, wakaandika "mashapo mekundu" kwenye jedwali, wakapata alama zao wakaondoka. Rangi waliiona, kasi hawakuipima.

Nyumbani kwetu kimeng'enya hiki kilikuwa kazini kabla ya shule yoyote kujengwa. Chukueni urwagwa. Ndizi za pombe huvunwa mbichi, zikafukiwa shimoni au kufunikwa penye joto kwa siku kadhaa mpaka ziive, na katika kuiva huko wanga wake hugeuka sukari za aina tatu: sukrosi, glukosi na fruktosi. Zikishaiva humenywa na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, zinasuguliwa mpaka maji yajitenge na nyama ya ndizi. Hayo maji ndiyo umutobe, matamu, hata mtoto hunywa. Kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na chombo hufunikwa. Chachu iliyomo huanza na zile sukari ndogo zilizo tayari. Sukrosi ni kubwa, na kwa sehemu kubwa haiingizwi ndani ya seli ikiwa nzima; lazima kwanza ikatwe nje. Ndipo invatesi inapofanya kazi yake. Povu mnaloliona siku ya pili ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye sukari ambazo nyingine zilipitia kwenye mkasi huo. Rubisi ya Bukoba, mbege ya Uchagani na tonto ya Uganda zina mapishi yao, kila moja na ufundi wake, lakini popote penye sukrosi na chachu ya jamii hii, habari ni hiyo hiyo.

Sasa nendeni upande wa pili wa wilaya yetu ya Gasabo, kule Jabana, kwenye kiwanda cha sukari cha Kabuye. Pale kukatwa kwa sukrosi ni hasara. Muwa ukishafyekwa ukalala juani, vimeng'enya vyake wenyewe pamoja na vijidudu vinavyoingia penye majeraha ya panga huanza kuikata sukrosi iliyomo. Glukosi na fruktosi haziundi zile chembe nyeupe zinazouzwa kwa kilo. Zinabaki kwenye majimaji, zinaishia kwenye molasi. Ndiyo maana mwenye kiwanda cha sukari popote duniani ana haraka kati ya shamba na mashine, na ndiyo maana juisi ya muwa hutiwa chokaa mapema ili isibaki na uchachu. Na ile molasi, kwa mzunguko unaonifurahisha kila ninapoufikiria, ndiyo chakula ambacho viwanda vya hamira hukuzia hamira.

Niwapeleke sasa Berlin, mwaka 1913, kwa sababu hapo ndipo kimeng'enya hiki kilipofundisha dunia kupima.

Kabla ya hapo wengi walikuwa wamekishughulikia. Mfaransa Marcellin Berthelot alikitenga kutoka kwenye hamira mwaka 1860. Cornelius O'Sullivan na Frederick Tompson, waliofanya kazi kwenye kiwanda cha bia huko Burton, Uingereza, walichapisha mwaka 1890 uchunguzi mrefu ambamo walionyesha kwamba kimeng'enya kikiwa pamoja na sukari yake huvumilia joto ambalo kikiwa peke yake lingekiharibu. Adrian Brown aliona mwaka 1902 kwamba ukizidisha sukari, kasi hufika mahali ikagoma kupanda. Victor Henri akaandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1903. Hesabu ya Henri ilikuwa na msingi mzuri. Vipimo vyake ndivyo vilivyokuwa na kasoro, na kasoro zenyewe zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni uasidi. Invatesi ya hamira hupenda uchachu wa wastani, karibu pH 4.5; ukiondoka hapo kwenda upande wowote kasi inashuka. Henri hakuudhibiti uasidi. Ya pili inahitaji maelezo kidogo. Wakati ule mmenyuko huu ulifuatiliwa kwa polarimita, chombo kinachopitisha mwanga maalumu ndani ya bomba la myeyusho na kupima umegeuzwa kiasi gani. Sukrosi huugeuza kuelekea kulia. Ikishakatwa, fruktosi huuvuta kushoto kwa nguvu kuliko glukosi inavyouvuta kulia, hivyo mshale unatembea kutoka kulia kwenda kushoto, na mwendo wake unakwambia umebakiza sukrosi kiasi gani. Njia nzuri, ila glukosi iliyotoka kukatwa muda huo ina umbo moja, na polepole, ndani ya maji, sehemu yake hujigeuza kuwa umbo la pili linalogeuza mwanga kwa kiasi tofauti. Anayesoma chombo mara moja anasoma mambo mawili yaliyochanganyika akidhani ni moja.

Leonor Michaelis alikuwa na maabara ndogo kwenye hospitali ya manispaa ya Am Urban, Berlin. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, milango ya uprofesa wa kweli Ujerumani ilikuwa migumu kwake. Kwenye maabara hiyo alifika daktari kutoka Kanada, Maud Menten, aliyezaliwa mwaka 1879 Port Lambton, Ontario, na aliyekuwa amekwisha kupata shahada ya juu ya udaktari Toronto mwaka 1911. Walifanya nini kipya? Walidhibiti uasidi kwa myeyusho wa asidi ya siki na chumvi yake. Walichukua sampuli kila baada ya muda, wakaitia alkali ili kimeng'enya kisimame papo hapo na glukosi ikamilishe kubadilisha umbo, ndipo wakasoma polarimita. Wakarudia hayo kwa viwango tofauti vya sukari. Wakapata mstari uliopinda ambao kila mwanafunzi wa baiokemia duniani huchora hadi leo.

Fikirini pikipiki za abiria pale kituoni Kacyiru. Abiria wakiwa wachache, kila abiria anayeongezeka anaongeza safari moja. Wakizidi pikipiki zilizopo, kuongezeka kwao kunarefusha foleni tu. Idadi ya safari kwa saa imefika kikomo. Sukrosi ni abiria, invatesi ni pikipiki. Michaelis na Menten walitafuta kiasi cha sukari ambacho kinaifikisha kasi nusu ya kikomo chake, na kwa invatesi yao walipata moli 0.0167 kwa lita. Kwa lugha ya jikoni hiyo ni karibu gramu 5.7 za sukari katika lita moja ya maji, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Namba moja, iliyopatikana kwa hamira, sukari, siki na saa.

Mwaka 2011 Kenneth Johnson na Roger Goody waliitafsiri makala ile kutoka Kijerumani na kuzipitia data zake upya kwa kompyuta. Zilisimama. Karibu miaka 100 baadaye, namba zilizoandikwa kwa mkono kwenye maabara ya hospitali ya manispaa bado zilistahimili ukaguzi. Nawaomba walimu mlioko hapa mlitafakari hilo pale mtakapoambiwa kwamba utafiti hauwezekani bila jengo jipya. Michaelis mwenyewe aliondoka Ujerumani mwaka 1922 akaenda kufundisha Nagoya, Japani, kisha Marekani, alikofariki mwaka 1949. Menten alifanya kazi miaka mingi Pittsburgh na akapewa uprofesa kamili akiwa karibu kabisa na kustaafu. Hilo la mwisho linaniuma, na nadhani linapaswa kuwauma ninyi pia.

Invatesi haikubaki kwenye hesabu. Mwaka 1979, Peter Novick na Randy Schekman wa Berkeley walikuwa wanatafuta kujua seli husafirishaje protini kutoka ndani kwenda nje. Walichagua kufuatilia invatesi kwa sababu hamira huipeleka nje ya utando wake na kuiweka kwenye nafasi iliyo kati ya utando na ukuta wa seli, na kwa sababu kuipima ni rahisi: tia sukari, pima glukosi. Walipata hamira zenye kasoro ambazo, joto likipanda hadi nyuzi 37, hushindwa kuitoa. Invatesi inarundikana ndani ya vifuko vidogo kama mizigo iliyokwama. Kutoka kwenye kasoro hizo walizitambua jeni za usafirishaji, moja baada ya nyingine. Njia hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo ambayo seli za kongosho letu hutumia kutoa insulini. Schekman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Thomas Südhof.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Jeff Gore na wenzake wa MIT, uliochapishwa mwaka 2009. Angalieni tena mahali invatesi inapokaa: nje ya utando. Seli moja inagharamia kuitengeneza, inakata sukrosi, na glukosi inatawanyika majini kabla yeye mwenyewe hajaila. Walikadiria kwamba mwenye kufanya kazi hubaki na takriban asilimia 1 tu ya sukari aliyoikata. Asilimia 99 zinakwenda kwa majirani. Basi wakatengeneza hamira zilizofutwa jeni ya invatesi. Hizi hazitoi chochote, zinakula cha wenzao. Ni wadoezi. Ukizichanganya na wafanyakazi katika myeyusho wa sukrosi, nani atamshinda nani?

Ungetarajia wadoezi wachukue kila kitu, kwa kuwa hawana gharama. Haikuwa hivyo. Wadoezi wakiwa wachache huneemeka na kuongezeka. Wakizidi, sukari iliyokatwa inakuwa adimu, na hapo ile asilimia 1 ambayo mfanyakazi anaipata kabla haijamponyoka inakuwa ndiyo tofauti kati ya kukua na kutokukua. Wafanyakazi wachache waliobaki hukua upesi kuliko wadoezi wengi wanaowazunguka. Mwisho wake pande zote mbili zinaishi pamoja, kwa uwiano unaoweza kubadilishwa kwa kubadilisha gharama ya kazi na kiasi cha glukosi. Mwaka 2011 kundi jingine, la Andrew Murray wa Harvard, lilionyesha kwamba sukrosi ikiwa kidogo, seli iliyo peke yake hushindwa kukua ilhali seli zilizoshikana kwenye fundo hukua, kwa kuwa zinaokotezana sukari. Kuna watu wanaoona hapo dalili ya jinsi viumbe vya seli nyingi vilivyoanza. Mimi ninaona pia jaribio ambalo mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Huye au Bukavu anaweza kulielewa kwa asubuhi moja na kulijadili mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye meza yetu wenyewe.

Glukomita, ile mashine ndogo ambayo mgonjwa wa kisukari huchomea kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti, husoma glukosi. Sukrosi haiisomi. Hilo lina maana kubwa: ukiweka maji ya sukari ya chai, yenyewe hayataipandisha namba, ukitia hamira, namba itaanza kupanda kadiri sukrosi inavyokatwa. Tayari tuna chombo cha kufuatilia invatesi, na kipo kwenye zahanati nyingi na kwenye kabati za watu wengi mliomo humu.

Hesabu ya kutangulia ni hii. Gramu 1 ya sukrosi ikikatwa yote hutoa gramu 0.526 za glukosi. Kwa hiyo gramu 2 za sukari katika lita moja, zikikatwa zote, zitafika karibu miligramu 105 kwa desilita, kiasi kisicho mbali na sukari ya damu ya mtu mzima mwenye afya asubuhi kabla hajala. Gramu 10 kwa lita zitafika karibu 526. Glukomita nyingi huishia 600, hivyo ukianza na gramu 20 utazidi uwezo wake kabla hujamaliza. Mwanafunzi azifanye hesabu hizi mwenyewe kabla hajagusa chombo.

Kimeng'enya: koroga kijiko cha hamira kavu kwenye maji vuguvugu, acha nusu saa, kisha subiri hamira ishuke chini na uchukue maji ya juu yaliyo angavu. Uasidi: gawa siki nyeupe katika vikombe viwili sawa. Kikombe kimoja kitie bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo mpaka povu likome kabisa. Kichanganye na kile kingine ambacho hakijaguswa. Umepata myeyusho unaokaa karibu pH 4.8, wa jamii ile ile ambayo Michaelis na Menten waliitumia. Uzimue kwa maji kabla ya kuutumia.

Anza saa pale unapotia kimeng'enya kwenye sukari. Baada ya kila dakika chache chota kidogo, na hapa ndipo somo la Berlin linaporudi kwa namna ambayo ilinistaajabisha nilipoielewa mara ya kwanza. Vijiti vya glukomita nyingi vina kimeng'enya chao, glukosi oksidesi, ambacho hula umbo moja tu la glukosi, umbo la beta. Invatesi inapoikata sukrosi, glukosi inayotoka ni ya umbo la alfa. Ukisoma papo hapo utaona namba ndogo kuliko ukweli, kwa kuwa glukosi nyingi bado haijageuka. Tatizo lililoharibu vipimo vya Henri limo ndani ya kijiti cha duka la dawa! Dawa yake ni ile ile. Tia chembe ya bikaboneti kwenye sampuli ili kimeng'enya kisimame, iweke kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache ili kife na glukosi iharakishe kubadilika umbo, ipoze, kisha soma. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi. Zinatosha.

Kuna onyo moja ambalo sitaki lipuuzwe. Glukomita ilitengenezwa kwa ajili ya damu, na ukiipa maji matupu inaweza kukupa namba ya ajabu au kukataa kusoma. Chumvi kidogo husaidia. Muhimu zaidi, nunua glukosi ya unga, tengeneza myeyusho yenye viwango unavyovijua ndani ya kimiminika kile kile cha siki, chumvi na bikaboneti, isome, chora mstari wa kulinganishia, na namba zako zote zipitie kwenye mstari huo. Weka pia sampuli yenye maji ya hamira yaliyochemshwa tangu mwanzo. Hiyo ikipanda, kuna kosa mahali. Anayeruka hatua hizi mbili anacheza na mashine. Anayezifuata anafanya sayansi, hata akiwa kidato cha nne.

Mkishafika hapo, mlango unafunguka kwenda mbali kuliko sukari. Mwaka 2011 Yu Xiang na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliuliza swali zuri: glukomita iko kila mahali na ni rahisi kutumia, tutaifanyaje isome vitu ambavyo si glukosi? Jibu lao lilikuwa invatesi. Waliifunga kwenye kipande cha DNA, na DNA hiyo wakaishikiza kwenye vipunje vya sumaku kwa kutumia DNA nyingine iliyochaguliwa kwa sababu hukikamata kitu kinachotafutwa. Kitu hicho kikiwepo kwenye sampuli, DNA inakishika, na kwa kukishika inaiachia invatesi. Sumaku inavuta vipunje pembeni. Invatesi iliyoachiwa inabaki majini. Hapo unatia sukrosi. Molekuli moja ya invatesi inakata sukrosi nyingi mno, hivyo kiasi kidogo cha kitu ulichokitafuta kinageuka kuwa glukosi nyingi ambayo mashine ya mfukoni inaisoma. Kwa njia hiyo walipima kokeini, adenosini, urani, na interferoni gama, protini ya kinga inayohusishwa na uchunguzi wa kifua kikuu. Watafiti wengine wameifuata njia yao hadi kwenye sumukuvu.

Nasimama kwenye sumukuvu kwa sababu inatuhusu sana. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyoota ukungu yaliwapa watu 317 ugonjwa wa ini wa ghafla, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yanavuka mipaka yetu kila siku kwa malori, na anayeyapokea ghalani hawezi kuiona sumu kwa macho. Maabara kubwa zina mashine za kuipima. Ghala la ushirika halina. Chombo cha mfukoni kinachosomeka na mtu yeyote aliyewahi kumpima mama yake sukari kingekuwa na nafasi yake pale.

Sitawadanganya kwamba kiko tayari kuwekwa mezani kesho. Kuunganisha DNA na invatesi kunahitaji maabara yenye utaratibu, kemikali safi na jokofu lisilokatika umeme, kazi ambayo watu wa maabara za hapa Kacyiru wanaielewa kuliko mimi. Sampuli nyingi zina glukosi yao ya asili, damu ikiwa ya kwanza, kwa hiyo lazima usome kabla ya kutia sukrosi na baada yake, uchukue tofauti. Na kuna jambo la tatu, ambalo nimeliacha mwisho kwa makusudi kwa sababu linaweza kufanyiwa kazi bila DNA wala sumaku. Sumukuvu haitoki vizuri kwenye unga wa mahindi kwa maji peke yake. Huchujwa kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, mara nyingi methanoli ikiwa sehemu kubwa zaidi. Methanoli nyingi huharibu vimeng'enya. Basi invatesi ya hamira inavumilia methanoli asilimia ngapi kabla kasi yake haijashuka nusu? Je, sukrosi nyingi ikiwepo tangu mwanzo inailinda, kama O'Sullivan na Tompson walivyoona kwa joto mwaka 1890? Na unga wa mahindi wenyewe, ukichujwa, unapunguza kasi hiyo kiasi gani?

Maswali hayo yanajibika kwa maji ya hamira, sukari, siki, glukomita, na methanoli iliyofungiwa kwenye kabati la kemikali na kutumika penye hewa, chini ya macho ya mwalimu, kwa maana ni sumu inayopofusha. Wanafunzi wawili wanaweza kuyamaliza kwa muhula mmoja. Natamani vyuo viwili vyenye hamira ya kampuni tofauti viyafanye kwa wakati mmoja, kimoja hapa na kimoja Mwanza au Goma, kisha vibadilishane majedwali yao kabla yeyote hajachora mstari wake.